Jinsi ya kufuata fumbo la mtandaoni bila kupotea wala kumwumiza mtu

Rafiki yangu mmoja alinitumia faili la sauti la sekunde arobaini. Halikuwa na maneno wala muziki, ni mvumo tu, kama redio iliyopoteza stesheni. Nililisikiliza zaidi ya mara kumi nikitafuta mnong'ono, sikupata kitu. Usiku wa pili nikalifungua kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, nikabofya jina la wimbo upande wa kushoto, nikachagua mwonekano wa spektrogramu badala ya mawimbi ya kawaida. Spektrogramu huichora sauti kama picha: muda unakwenda kulia, sauti nyembamba ziko juu, nzito ziko chini, na palipo na nguvu rangi inakoza. Kuanzia sekunde ya kumi na mbili, ndani ya ule mvumo, zilianza kutokea tarakimu. Moja, ya pili, ya tatu, hadi kumi, zimechorwa kwa mwanga hafifu. Niliziandika mkono ukitetemeka kwa furaha. Nitarudi kwenye tarakimu hizo, kwa sababu moja niliikosea.

Tangu usiku ule nimefuata mafumbo mengi ya mtandaoni: michezo ya uhalisia mbadala (hadithi zinazochezwa kupitia tovuti, barua na simu za kweli), nyimbo zisizojulikana wenyewe, picha zisizojulikana zilipopigwa, chaneli zinazopakia video zisizoeleweka. Wanaoanza huniuliza watumie programu gani. Programu si tatizo, nyingi ni za bure na kuzijua ni kazi ya siku chache. Kinachowakwamisha watu ni kutoandika vizuri walichokiona, na kutojiuliza nani yuko upande wa pili.

Nani kakitega?

Kabla hujagusa msimbo wowote, jiulize kitu kilicho mbele yako kimetoka kwa nani na kwa ajili gani.

Kinaweza kuwa mchezo wenye hadithi. Mfano ambao wachezaji wa zamani hawachoki kuusimulia ni wa 2001, ulioandaliwa na Microsoft kuitangaza filamu ya A.I. Artificial Intelligence. Katika matangazo ya filamu hiyo, miongoni mwa majina ya watengenezaji, palikuwa na jina la Jeanine Salla, na kazi yake ikatajwa kuwa ni tabibu wa mashine zenye fahamu. Kazi hiyo haipo duniani. Aliyelitafuta jina hilo mtandaoni aliangukia tovuti zilizoandikwa kana kwamba ni mwaka 2142, na humo mkawa na kifo cha kutatanisha. Hakuna aliyetangaza kwamba ni mchezo. Kundi lililojiita Cloudmakers lilifikia wanachama zaidi ya 7,000, na waundaji walisimulia baadaye kwamba mafumbo waliyoyapangia miezi mitatu yalimalizwa kwa siku moja. Mchezo wa namna hii unataka umfuate mhusika. Soma barua zake, angalia amekasirika na nani, mwandikie kama ameacha anwani. Msimbo humo ni kufuli tu, na ufunguo mara nyingi uko kwenye hadithi: jina la paka, tarehe ya harusi, mstari wa shairi alilolipenda marehemu.

Kinaweza pia kuwa mtihani usio na hadithi, kama Cicada 3301, ambao nitaueleza kwa kirefu hapa chini. Au kikawa kitu cha kweli kilichopotea, ambacho hakikufichwa na mtu yeyote. Kuna wimbo uliorekodiwa kwenye kaseti kutoka redio ya Ujerumani miaka ya 1980, sehemu yake ikawekwa mtandaoni 2007, na kwa miaka mingi maelfu ya watu wakawa wanautafuta bila kumjua mwimbaji wala jina. Novemba 2024 ikajulikana kwamba ni "Subways of Your Mind" wa bendi ya FEX, kutoka Kiel. Hakuna msimbo uliovunjwa. Mtu alikaa akapekua magazeti ya zamani, akafuata majina ya wanamuziki mmoja baada ya mwingine, akawaandikia. Ukikutana na kitu cha aina hii, weka pembeni misimbo ya herufi kama Kaisari na Vigenère, nenda kwenye nyaraka.

Na kuna ambacho si fumbo kabisa. Chaneli ya YouTube iliyoitwa Webdriver Torso ilipakia makumi ya maelfu ya video, kila moja ya sekunde 11, mistatili miwili, mwekundu na wa buluu, ikihama mahali huku mlio ukibadilika. Watu waliiunganisha na majasusi, na viumbe wa sayari nyingine, wakachora majedwali ya mistatili. Mwaka 2014 ikajulikana kwamba ilikuwa mitambo ya Google ikijaribu ubora wa video. Dalili zilikuwepo tangu mwanzo: hakuna mabadiliko, hakuna jibu kwa chochote watazamaji walichofanya, na kasi ya upakiaji ni ya mashine. Mtegaji wa kweli hukuangalia. Ukifungua mlango mmoja, kitu kinasogea mahali pengine. Kitu kikipita wiki tatu bila kusogea hata kidogo, uwezekano kwamba hakuna mtu nyuma yake unapanda sana.

Daftari, wino mweusi na wino wa buluu

Mimi natumia daftari la karatasi, na baadaye nahamishia kwenye jedwali la pamoja ambalo kundi zima linaliona. Kila mstari una saa, kiungo kamili cha nilipokipata kitu, nilichokiona, nilichojaribu, na matokeo. Matokeo ya "hakuna kitu" nayaandika kwa uangalifu uleule. Ukiandika "Vigenère, ufunguo jina la dada yake, hakuna kitu", umemwokolea saa mbili mtu atakayeingia kesho akiwa na wazo lilelile. Makundi mengi niliyoyaona yakifa, yalikufa kwa kurudia jambo moja mara ishirini.

Na hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote: kilichoonekana kiandike kwa wino mweusi, unachodhani kwa wino wa buluu. Kwenye jedwali, tumia rangi mbili. "Tarakimu ya saba ina tundu chini" ni nyeusi. "Tarakimu ya saba ni 8" ni buluu, mpaka watu wawili wengine waifungue sauti wenyewe, kila mmoja peke yake, na wasome vilevile bila kuambiwa wewe umesoma nini. Usiku ule wa mvumo mimi niliandika 8 kwa wino mweusi. Ilikuwa 6, kijimstari cha mwanga kilichoifunga juu kilikuwa ni mvumo wenyewe.

Lishike faili la asili

Picha au sauti ikishapita kwenye programu ya kutumiana ujumbe, hubanwa upya na taarifa zake za ndani hufutwa. Macho hayaoni tofauti, lakini kilichofichwa kimekwisha. Kundi letu liliwahi kupoteza siku nne juu ya picha ya ngazi iliyokuwa imepitia simu tatu kabla ya kutufikia. Tulipokwenda kuipakua kutoka kwenye tovuti yenyewe, ujumbe ulikuwa wazi katika sehemu ya maelezo ya faili, mahali ambapo kamera huandika tarehe na aina yake.

Kwa hiyo pakua kutoka kwenye chanzo, usipige picha ya skrini. Hifadhi nakala moja ambayo hutaigusa kamwe, na nyingine ya kufanyia kazi. Jina la faili usilibadilishe, maana wakati mwingine jina lenyewe ni dokezo. Kokotoa alama ya SHA-256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa hata kidogo, na uiandike kwenye daftari. Mwenzako akikokotoa yake zikafanana, mnajua mnaangalia kitu kimoja.

Kufungua: anza na rahisi

Watu hukimbilia hesabu ngumu. Anza kwa kufungua faili kwenye kihariri cha maandishi ya kawaida na usogee hadi mwisho wake kabisa. Soma msimbo chanzo wa ukurasa, hasa maelezo ambayo kivinjari hakiyaonyeshi. Buruta kipanya juu ya ukurasa mzima uone kama kuna maandishi meupe juu ya weupe. Ipeleke picha yenyewe kwenye mtambo wa kutafuta, uone imewahi kutokea wapi kwingine. Angalia kikoa, yaani jina la tovuti, kilisajiliwa lini: tovuti inayojidai ni ya kampuni ya zamani, huku kikoa chake kina miezi miwili, imeshajieleza. Kama ni sauti, spektrogramu kwanza. Bendi ya Nine Inch Nails ilifanya hivyo 2007 kwenye mchezo wa albamu yao Year Zero: viendeshi vya USB viliachwa vyooni kwenye maonyesho yao, cha kwanza kikaokotwa Lisbon, na kelele za mwisho wa wimbo mmoja zilipochorwa kama picha ukaonekana mkono mkubwa ukishuka kutoka angani.

Kisha ndipo misimbo. Ukiona herufi kubwa na ndogo zimechanganyika na tarakimu, na mwishoni alama za sawasawa, kama Tmpvbw==, hiyo ni Base64. Bandika kwenye CyberChef, chombo cha bure kilichotengenezwa na GCHQ, shirika la ujasusi la Uingereza, na utapata neno "Njoo". Herufi a hadi f pamoja na tarakimu peke yake, fikiria heksadesimali. Hizi si siri, ni namna tu ya kuandika, na hazihitaji ufunguo.

Kwa msimbo wa Kaisari, ambapo kila herufi inasogezwa hatua kadhaa mbele, tuchukue mfano na tuufanye kwa mkono, kwa sababu mkono unafundisha kuliko kitufe:

QPERKS YOS AEDM

Tuseme tunadhani ni Kiswahili. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Maneno mawili ya kwanza yote yanaishia na S, basi S ni irabu. Jaribu S kuwa A: neno la kwanza linageuka YXMZSA, si neno. S kuwa E: CBQDWE. S kuwa I: GFUHAI, linatamkika mwishoni lakini halina maana. S kuwa O, yaani tunarudi nyuma hatua nne: Q inakuwa M, P inakuwa L, E inakuwa A, R inakuwa N, K inakuwa G. MLANGO. Yaliyobaki yanafunguka yenyewe: MLANGO UKO WAZI. Majaribio manne, badala ya ishirini na tano. Na kama maandishi ni marefu na herufi zimebadilishwa bila mpangilio wa hatua, hesabu ipi inajirudia zaidi; katika Kiswahili, dau langu la kwanza ni A siku zote. Misimbo ya kimataifa kwa kawaida huwa ya Kiingereza, ambako ni E. Kujua lugha ya mtegaji ni nusu ya kazi.

Cicada, hatua kwa hatua

Natumia fumbo hili kufundishia kwa sababu hatua zake za mwanzo zinajulikana wazi na kila mtu anaweza kuzirudia. Tarehe 4 Januari 2012 iliwekwa kwenye jukwaa la 4chan picha nyeusi yenye maandishi meupe, ikisema wanatafutwa watu wenye akili nyingi na kwamba ndani ya picha kuna ujumbe. Sahihi yake ilikuwa 3301.

Waliolifungua faili kwenye kihariri cha maandishi walikuta mwishoni jina la Tiberius Claudius Caesar na mfuatano ulioanza na lxxt. Claudius alikuwa kaisari wa nne wa Roma. Rudi nyuma hatua nne: l ni h, x ni t, x ni t, t ni p. Anwani ya tovuti. Ona uzuri wake: jina ndilo lililotaja aina ya msimbo na idadi ya hatua kwa pamoja.

Anwani ikapeleka kwenye picha ya bata wa mbao, na maneno ya kejeli kwamba huku ni chambo tu, na kwamba inaelekea hukuweza kukisia jinsi ya kuutoa ujumbe. Wengi waliishia hapo. Waliosoma maneno yenyewe kwa Kiingereza waliona guess na out, na OutGuess ni programu ya steganografia, yaani ya kuficha data ndani ya picha. Wakaiingiza picha ya bata ndani ya programu hiyo, na mlango ukafunguka. Ukiambiwa umepotea njia, soma tena jinsi ulivyoambiwa.

Mbele zaidi palikuwa na msimbo wa kitabu, ambapo namba huelekeza kwenye herufi ndani ya kitabu fulani, kisha namba ya simu ya Texas. Sauti iliyorekodiwa ilisema picha ya mwanzo inahusiana na namba tasa tatu, moja ikiwa 3301, utafute mbili nyingine na uzizidishe zote. Mbili hizo hazikufichwa ndani ya chochote: zilikuwa upana na urefu wa picha, 509 na 503. Zidisha upate 845145127, ongeza .com. Tovuti hiyo baadaye ilitoa majira (latitudo na longitudo) ya mahali halisi, na kwenye nguzo za miji kama Warsaw, Paris, Seattle na Seoul watu wakakuta karatasi zenye nembo ya nyenje na msimbo wa QR. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kufika kote huko. Ilibidi wageni waaminiane.

Mafumbo mengine yalikuja Januari 2013 na Januari 2014, na lile la mwisho lilileta Liber Primus, kitabu cha herufi za kiruni, maandishi ya kale ya Ulaya Kaskazini, ambacho kurasa zake nyingi hazijasomwa hadi leo. Kinachofaa kuigwa zaidi hapo ni sahihi ya PGP. Tangu siku za mwanzo, ujumbe wa 3301 ulisainiwa kwa ufunguo mmoja wa kidijitali, na walaghai waliojaza mtandao kwa mafumbo ya uongo hawakuweza kuisaini kazi yao. Ujumbe wa Aprili 2017, uliosainiwa, ulionya juu ya njia za uongo na kukumbusha watu wathibitishe sahihi. Jifunze kuthibitisha sahihi ya PGP kabla hujajifunza kuvunja msimbo wa pili.

Pazia na watu walioko nje yake

Wachezaji wana neno: pazia. Nyuma ya pazia wako waundaji, mbele yake ni hadithi, na adabu ni kutochungulia. Lakini pazia lina upande wa tatu ambao hauzungumzwi vya kutosha, nako wako watu wasiojua kwamba kuna mchezo.

Ile tarakimu yangu. Zile kumi zilikuwa namba ya simu, na 8 yangu ikaigeuza kuwa ya mtu mwingine. Niliiweka kwenye jedwali saa tano usiku, na kabla ya asubuhi watu zaidi ya thelathini walikuwa wameipigia namba hiyo. Aliyepokea alikuwa mama mtu mzima aliyefiwa wiki ile. Kila simu ilipolia alidhani ni ndugu anayetoa pole, na alichokisikia ni wageni wakimsomea mistari ya hadithi na kumwuliza neno la siri. Alipolia, baadhi yetu walidhani ni mwigizaji na wakaandika kwenye jedwali kwamba kilio ni dokezo. Nilimpigia mchana nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mwanangu, waambie waache," akakata.

Tangu hapo kundi letu lina utaratibu ambao haubadilishwi. Namba au anwani yoyote inasomwa na watu watatu. Baada ya hapo mtu mmoja tu hupiga, mara moja, mchana, na maneno yake ya kwanza huwa ni kuuliza kama amepiga mahali sahihi na kama anayepokea anashiriki mchezo. Jibu likiwa hapana, au mtu akisita, namba inafutwa kwenye jedwali na sababu inaandikwa. Hatuendi nyumbani kwa mtu. Hatujaribu nywila za watu wala hatuingii kwenye seva tusizoruhusiwa. Mtegaji mwaminifu hakuombi uvunje sheria, na akikuomba, huyo si mtegaji. Hatulipi fedha, hatuendeshi programu tuliyotumiwa, na barua pepe ya michezo ni tofauti na ya maisha.

Mambo halisi ya damu tunayaacha kabisa. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, baadhi ya wanachama wa Cloudmakers walipendekeza kundi likategue mashambulizi yale kama lilivyotegua mchezo, na wasimamizi wakazuia. Walifanya vyema sana. Mwaka 2013, baada ya milipuko ya mbio za Boston, watu kwenye Reddit walichambua picha kwa bidii ileile na kunyooshea vidole wasio na hatia. Familia ya kijana mmoja, iliyokuwa inamtafuta kwa kuwa alikuwa amepotea, ikamiminiwa chuki. Stadi zilikuwa zilezile. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa amekubali kutafutwa. Linganisha na kadi moja ya mchezo wa Perplex City, iliyokuwa na picha ya mwanamume na ombi la kumtafuta. Jina lake lilikuwa Satoshi. Yeye alikubali picha yake itumike. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, akapatikana Desemba 2020 kwa utambuzi wa sura, na ikawa furaha ya kila mtu.

Likiisha, au likikwama

Michezo mingine hufika mwisho, mingine hukatika katikati fedha za waundaji zikiisha. Vyovyote iwavyo, kaa siku mbili uandike njia nzima kwa mtu ambaye hakuwepo: kila hatua, kilichoifungua, na faili za asili pamoja na alama zake. Tovuti za michezo huzimwa haraka sana, wakati mwingine wiki ileile.

Ile picha ya vyumba vya manjano vitupu iliyosambaa tangu 2019 kwa jina la Backrooms ilitafutwa miaka mitano. Ilipopatikana, 2024, ilikuwa kwenye ukurasa wa 2003 uliohifadhiwa na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, picha ya ukarabati wa duka huko Oshkosh, Wisconsin, iliyopigwa 2002. Ukurasa wenyewe ulikuwa umekwisha kufa zamani. Nakala ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo nenda kwenye Internet Archive, sehemu ya Wayback Machine, bandika kiungo cha kila ukurasa wa fumbo lako, mmoja mmoja, na usubiri hadi uone tarehe ya leo imeandikwa juu yake.